Habari za Kuchekesha Kuhusu Ndege Ndogo: Maneno kwa Mnaoanza Kujifunza Urubani

Ninyi mnaoanza masomo ya urubani mtakutana na habari hizi mapema sana: ndege ndogo iliyotua shambani katikati ya ng'ombe, mwanafunzi aliyeidundisha ndege mara tatu mbele ya umati, abiria asiyejua lolote aliyeshika usukani akatua salama. Huandikwa kwa lugha nyepesi, huwekwa mwishoni mwa taarifa ili watazamaji wapumue baada ya habari nzito, na mara nyingi wanaozitangaza hawana nia mbaya. Nimefundisha urubani kwa miaka mingi, nami nawaomba mzitazame kwa uzito kuliko wanavyozitazama hao wanaozitangaza, kwa sababu kicheko chake huingia nanyi ndani ya ndege.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amekwisha kuruka peke yake mara kadhaa. Siku moja nikiwa kando yake tulikuwa tunakuja kutua, nasi tulikuwa juu mno, na mwendo ulikuwa umezidi unaotakiwa kwa noti kama 15, yaani kilomita kama 28 kwa saa. Nilinyamaza nione atafanya nini, nikitarajia aongeze nguvu ya injini, apae tena na kuuzunguka uwanja upya, jambo ambalo alikuwa akilifanya vizuri tangu majuma ya mwanzo ya masomo. Badala yake aliisukuma pua ya ndege chini. Mwendo ukazidi kuongezeka, njia ya kurukia na kutua ikazidi kufupika mbele yetu, magurudumu yakagusa lami na kuruka, na hapo nikasema, "Usukani wangu." Akajibu, "Usukani wako," akaachia, tukapaa. Tulipokwisha kuegesha na kuzima injini nilimwuliza kilichomzuia asipae tena mapema. Aliitazama mikono yake kwa muda, kisha akasema kwamba kwenye uzio kulikuwa na watu walioshika simu, na kwamba juma lililotangulia alikuwa ameona katika habari kipande cha video cha ndege iliyopaa tena mara mbili kabla ya kutua, huku mtangazaji akiuliza kwa kicheko kama rubani alikuwa amesahau namna ya kushuka.

Tangu siku hiyo huwa natenga saa moja darasani, kabla mwanafunzi hajaruka peke yake kwa mara ya kwanza, kuzungumzia habari za namna hii. Naanza na maneno ya habari zenyewe. Kupaa tena huitwa kushindwa kutua, ilhali ni uamuzi uliofundishwa, uliofanyiwa mazoezi na unaotakiwa kufanywa bila kuona haya kila mara ukaribiaji wa uwanja unapokuwa mbaya. Ndege ambayo injini yake imezimika husemwa kwamba ilidondoka kutoka angani, wakati ndege kama Cessna 172, ikishikiliwa katika mwendo wake unaofaa, huteleza hewani kiasi cha futi tisa mbele kwa kila futi moja inayoshuka. Ikiwa futi 3,000 juu ya ardhi na hakuna upepo, rubani ana karibu kilomita nane za kuchagua mahali pa kutua. Kwa hiyo shamba lenye ng'ombe, ambalo mtangazaji hulitaja kama mzaha wa bahati, mara nyingi rubani amelichagua mwenyewe, akiwa ameliona mapema na kuukadiria upepo.

Neno linaloleta mkanganyiko mkubwa zaidi ni stoli, kutoka Kiingereza "stall". Kwa dereva wa gari neno hilo lina maana ya injini kuzimika, na waandishi wengi huliandika kwa maana hiyo hiyo. Kwa rubani, stoli ni hali ya bawa: pembe kati ya bawa na hewa inayolijia imezidi kiwango chake, hewa imeacha kufuata mgongo wa bawa, na nguvu ya kuinua imepungua ghafla, hata kama injini inanguruma kwa nguvu zote. Mwanafunzi aliyelishika neno hili kutoka kwenye habari atakapohisi ndege inatetemeka atatazama injini, wakati mkono wake ulipaswa kuwa tayari unalegeza usukani ili pua ishuke. Nimeliona kosa hili kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na ndiyo maana sichoki kulirudia.

Kuna pia ile sentensi ya kwamba rubani hakuwasilisha mpango wa safari, ambayo husomwa kana kwamba ni hati ya mashtaka. Nchini Marekani, kwa mfano, rubani anayeruka ndani ya nchi kwa kutazama nje katika hali nzuri ya hewa kwa kawaida halazimiki kuuwasilisha.

Kicheko hiki si kipya. Mwezi Julai 1938, rubani Mmarekani Douglas Corrigan aliondoka New York akitarajiwa kuelekea California, akatokea Ireland baada ya kuruka zaidi ya saa 28, akidai kwamba dira ilimpoteza. Magazeti yalimpokea kwa shangwe, na New York Post likachapisha kichwa cha habari kwa herufi zilizogeuzwa kinyumenyume kumsifu kwa kukosea njia. Jina la utani la "Wrong Way", yaani mkosea njia, lilimganda mpaka mwisho wa maisha yake. Huyu alikuwa fundi aliyeshiriki kuitengeneza ndege ambayo Charles Lindbergh aliivukia Atlantiki mwaka 1927, na alikuwa amekwisha kunyimwa ruhusa ya kuvuka bahari kwa sababu ndege yake haikuonekana kufaa kwa safari hiyo. Akiwa juu ya bahari, mafuta yalivuja hadi ndani alipoketi, naye akatoboa sakafu kwa bisibisi ili yatokee upande usio na bomba la moshi wenye joto. Mwanafunzi akiisoma habari hii anapaswa kusimama hapo penye bisibisi. Mafuta yaliyovuja karibu na bomba la moshi ndiyo habari yenyewe, na adhabu aliyopewa, kusimamishwa leseni kwa siku 14, haikutosha kuwafundisha wasomaji jinsi alivyokuwa karibu na kifo.

Tukio ninalolizungumzia kwa muda mrefu zaidi ni la Blackpool, Uingereza, tarehe 29 Juni 2022. Rubani mwenye leseni alimwomba mwalimu aketi naye katika ndege aina ya Piper kwa mzunguko mmoja wa uwanja, kwa kuwa upepo wa siku hiyo haukumpa utulivu. Muda mfupi baada ya kupaa, moyo wa mwalimu ulisimama. Rubani, aliyemfahamu mwalimu vizuri, alipokiona kichwa chake kimelala nyuma alidhani anafanya mzaha wa kujifanya amelala. Hata kilipomlalia begani katika kona ya kuelekea kutua, aliendelea kuamini hivyo. Alitua salama, na ni wakati ndege ilipokuwa ikijongea kurudi kwenye maegesho, mwalimu akiwa bado amemwegemea na hajibu, ndipo alipotambua kwamba kuna jambo baya. Ripoti ya wachunguzi ilipotoka mwaka uliofuata, vichwa vya habari viliushika ule mzaha, na watu wengi waliisimulia kama kioja.

Mimi naona mtu aliyekuwa na leseni na bado akaomba msaada kwa sababu ya upepo, na hilo peke yake linastahili heshima yenu. Naona pia onyo kwetu walimu, kwamba tukizoea kutaniana katika hatua za kupaa na kutua tunamnyima mwanafunzi njia ya kutofautisha utani na ugonjwa. Marubani wa ndege kubwa hufundishwa kwamba mwenzako ukimwita mara mbili asijibu, umchukulie kuwa hajiwezi na ushike ndege. Nami nimeileta kanuni hiyo kwenye ndege yetu yenye viti viwili: mimi sitanii kuanzia tunapoingia kwenye njia ya kurukia hadi tunapotoka humo baada ya kutua, na mwanafunzi wangu anajua kwamba akiniita mara mbili nikakaa kimya, ndege ni yake na neno la kwanza redioni ni la kuomba msaada.

Mwaka huo huo wa 2022, mwezi Mei, huko Palm Beach, Florida, abiria asiye rubani aliitua Cessna 208 baada ya rubani wake kuugua angani. Habari ilienea kama muujiza wa mtu wa kawaida, na baadhi ya wanafunzi wapya huja wakiamini kwamba ikiwa yeye aliweza, basi saa 40 zinazotakiwa kwa leseni ya rubani binafsi ni urasimu tu. Mwongoza ndege aliyemwelekeza kwa redio alikuwa mwalimu wa urubani, na alichapisha picha ya dashibodi ya ndege hiyo ili ajue abiria anatazama nini. Alimpa hatua moja baada ya nyingine, kwa sauti tulivu. Tena hali ya hewa ilikuwa upande wao.

Yule mwanafunzi wangu wa uzio aliendelea na masomo. Alasiri moja akiwa peke yake angani, upepo ukaanza kugeuka na kuvuma ubavuni, nami nikawa nimesimama chini nikitazama. Alikuja kutua, hakuridhika, akapaa tena. Akaja mara ya pili, akapaa tena. Mara ya tatu akatua polepole katikati ya njia. Kwenye uzio walikuwapo watu na simu zao, na kijana mmoja alimwita akamwuliza kwa nini ameshindwa mara mbili. Alimwendea, akamwonyesha mfuko wa kuonyesha upepo juu ya nguzo yake, akamweleza ulikuwa umeelekea wapi alipokuja mara ya kwanza, umeelekea wapi mara ya pili, na umeelekea wapi sasa.