Besi wa ukingoni asubuhi ya Januari: mbona hashiki chambo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilijifunza kuvua besi kwa mshipi Naivasha, na sasa ninaishi Fort Worth, Texas. Tangu Desemba nimekuwa nikifika ukingoni mwa bwawa kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Natupa chambo bandia kuelekea katikati ya maji na kukivuta kama nilivyozoea nyumbani, kisha saa tatu naondoka kwa sababu ya baridi, ingawa kazini natakiwa saa saba mchana. Kipimajoto changu kinaonyesha maji yana nyuzi 8 za Selsiasi. Boti sina, na sijapata hata samaki mmoja. Je, besi wote wamehamia kwenye kina nisichoweza kukifikia?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Hawajahama wote. Katika mabwawa ya Texas besi wa mdomo mkubwa hubaki ndani ya umbali wa mtupo wako majira yote ya baridi, ila si katika kila ukingo, na hawako tayari kukimbiza kitu. Kwa hiyo nitaanza na mahali pa kusimama, kwa maana katika Januari kosa la mahali haliwezi kurekebishwa na chambo chochote.

Samaki huyu, ambaye walowezi walimpeleka Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 kutoka huku huku Marekani, hana joto lake mwenyewe; mwili wake una joto la maji anamoogelea. Maji ya Naivasha hayafiki nyuzi 8 hata siku moja, na ndiyo sababu besi uliowazoea walikimbilia chambo chako mwaka mzima. Katika nyuzi 8 misuli yake ni mizito, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na mlo mmoja unaweza kumtosha kwa siku kadhaa. Bado anakula, lakini anachagua kile ambacho hakimlazimu kuogelea mbali.

Utawasikia wavuvi wakisema kwamba besi hushuka chini kufuata joto. Kauli hiyo ni ya kweli Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, ambako ziwa limefunikwa na barafu, kwa kuwa maji huwa mazito kuliko wakati wowote yanapofikia nyuzi 4, hivyo yale ya nyuzi 4 hulala chini na yale ya nyuzi 0 hukaa juu, chini ya barafu. Kwenye bwawa lako mambo ni tofauti. Maji ambayo hayajafika nyuzi 4 kila yanapopoa huzama, upepo wa kaskazini unayakoroga, na bwawa lote linakaribia kuwa na joto moja kutoka juu hadi chini. Anachokipata besi kwenye kina ni utulivu, kwa sababu joto la huko halipandi wala kushuka kila siku, ilhali maji mafupi ya ukingoni hupoteza joto usiku kucha, na alfajiri ndiyo saa yanapokuwa baridi kuliko saa nyingine zote. Wewe umekuwa ukifika wakati huo, na ukiondoka pale jua linapoanza kufanya kazi.

Tafuta basi ukingo ambao kina kinausogelea. Mwenye boti hukifuata kina kilipo. Wewe huna budi kusimama pale kinapokuja chenyewe. Tuta la bwawa lililopangwa mawe ni la kwanza, kisha matuta ya barabara zinazokatiza maji karibu na madaraja, kisha ncha za nchi kavu ambapo mkondo wa zamani wa mto unapita karibu na ufuko. Chukua ramani ya kina na utazame mistari inapobanana: hapo ndipo ardhi inaposhuka ghafla. Mahali ambapo hatua chache kutoka nchi kavu unapata mita 4 au 5 za maji panatosha kabisa. Ufikapo, usitupe tena kuelekea katikati. Tupa sambamba na ukingo, kwa sababu chambo kinachokuja moja kwa moja kutoka katikati hupita kwenye kina cha samaki kwa muda mfupi tu, lakini kile kinachofuata ukingo hukaa kwenye kina hicho njia nzima.

Kuna jambo moja ambalo sisi tuliokulia karibu na ikweta hatukufundishwa na mtu, kwa kuwa jua letu hupita karibu na utosi. Huku, wakati wa baridi, jua hupita chini upande wa kusini mchana kutwa. Hivyo ukingo wa kaskazini mwa bwawa, ule unaotazama kusini, hupata jua zaidi, na tena umekingwa na upepo wa kaskazini. Ukiwa na mawe, mawe hayo hunywa joto na kuyapasha maji yaliyo karibu yake. Ongezeko la nyuzi 1 au 2 linaonekana dogo kwako, ila humtosha besi kupanda mteremko. Mimi ningefika saa tatu na kuondoka saa sita, badala ya kuondoka saa tatu. Ukiona lazima uwahi alfajiri, anza na mteremko wa kina, na jua likishashika mawe uhamie huko. Siku ya tatu ya hali ya hewa tulivu ina thamani kuliko asubuhi inayofuata upepo mkali wa baridi, hata kama anga ya asubuhi hiyo ni safi na ya kuvutia.

Kuhusu chambo, weka kando vile vya kuvutwa haraka. Beba viwili tu. Cha kwanza ni jigi ya gramu 7 hadi 10, yaani ndoana yenye kichwa cha risasi na manyoya ya mpira, ambayo utaiacha izame mpaka iguse mawe, kisha utaiburuta taratibu mno, ukisimama kila inapogusa kitu. Usitegemee kusikia mshtuko. Mara nyingi besi wa Januari huhisiwa kama jani lililolowa limening'inia kwenye mshipi. Uzito wowote usioweza kuueleza, vuta.

Cha pili ni chambo chenye umbo la samaki mdogo kisichozama wala kuelea, bali husimama katikati ya maji. Kistue mara mbili, kisha uhesabu hadi 15 bila kuugusa mshipi. Besi atakishika kikiwa kimesimama. Sababu yake ni samaki wadogo waitwao shadi, ambao hulegea maji yanaposhuka chini ya nyuzi 7 au hivi, na wengi hufa yanapokaribia nyuzi 5, wakitetemeka na kuganda kabla ya kuzama. Chambo chako kiige huyo anayekufa. Shakwe wakikusanyika mahali pamoja juu ya maji kuwala shadi hao, nenda huko.

Usidhani kwamba wakubwa wamelala. Rekodi ya Texas hadi leo ni ya besi wa takriban kilo 8.2 aliyenaswa na Barry St. Clair Januari 1992 katika bwawa la Lake Fork, kwa samaki mdogo aliye hai, wakati mwenyewe alikuwa ndani ya boti akitafuta krapi, samaki wa aina nyingine.

Barafu ikiganda kwenye pete za ufito wa kuvulia, uchovye ncha yake majini. Usiivunje kwa kucha, utakwaruza pete na mshipi utakatika. Uzi wa kusuka hubeba maji na kuganda haraka, kwa hiyo tumia wa florokaboni wa kilo 4 au 5.

Tafadhali vaa jaketi la kujiokolea juu ya mawe yale. Umande ulioganda hauonekani. Mtu akitumbukia katika maji ya baridi kali, dakika ya kwanza pumzi humpaa asiweze kuizuia, na ndani ya dakika 10 hivi mikono huanza kumkataa, hata akiwa mwogeleaji hodari. Nenda na mwenzako, na muache nguo kavu garini.

Leseni unayo, natumaini. Sheria ya jumla ya jimbo ni besi 5 kwa siku, kila mmoja akiwa na angalau inchi 14, yaani sentimita 35.6, lakini baadhi ya mabwawa yana masharti yake, hivyo soma ya kwako kwanza. Ukimrudisha, lowesha mikono na umfungue ndoana akiwa bado majini, kwa sababu hewa iliyo chini ya nyuzi 0 inaunguza mashavu anayopumulia haraka kuliko unavyoweza kumpiga picha.