Habari za wanapromosheni zinagongana

SWALI: Ninaandika nikiwa Kigoma. Mimi ni katibu wa promosheni ya 1975, yaani darasa letu la UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, Kongo ya sasa), kampasi ya Lubumbashi. Tuliobaki tumevuka miaka sabini, na wengi walirudi kuishi Goma na Bukavu. Tangu waasi wa M23 waingie miji hiyo mwanzoni mwa 2025, habari zinagongana: leo mwenzetu amefariki, kesho yuko Burundi kwa bintiye. Niandae vipi taarifa itakayoaminika?

JIBU: Shikamoo mzee. Chukua daftari, kila mmoja umpe ukurasa wake. Habari ikifika, uliza kwanza: "Ulimwona wewe, au uliambiwa? Na nani?" Fuata mpaka umpate aliyeona, kisha andika jina lake, simu yake na tarehe aliyomwona. Watu watano waliosoma ujumbe mmoja wa WhatsApp ni shahidi mmoja tu, tena pengine si shahidi.

Majina yatakusumbua. Kuanzia 1972 Zaire ilipiga marufuku majina ya Kikristo, hivyo orodha yenu ya chuo haina Jean wala Marie. Lakini huko alikokimbilia, majirani huenda wanamjua kwa jina la ubatizo, au kama Baba Fulani. Andika yote, pamoja na majina ya wazazi wake na ya mtoto wake wa kwanza.

Namba ya Kongo (+243) ikinyamaza, usiogope haraka. Aliyevuka mpaka hununua laini mpya. Namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika hupewa mtu mwingine, kwa hiyo sauti ngeni isikutishe. Watafute watoto wake, hasa wenye namba za Burundi (+257), Rwanda (+250) na Uganda (+256).

Wote wakikosekana, nendeni Msalaba Mwekundu, Tanzania au Burundi. Hakuna malipo. Huduma yao ya kutafuta waliopotea ni ya familia, basi wewe andaa maelezo, mwanawe au nduguye apeleke ombi: majina kamili, ya wazazi, mwaka na mahali alipozaliwa, anwani ya mwisho, tarehe ya mawasiliano ya mwisho. Akipatikana, hawatatoa anwani yake bila ridhaa yake. Mkimwandikia kupitia kwao, karatasi huwa wazi na husomwa. Wekeni habari za nyumbani tu, bila siasa wala jeshi.

Msiba usiutangaze kabla mwenzi wake, mtoto wake au mtu aliyehudhuria mazishi hajathibitisha: alizikwa wapi, lini, nani alikuwepo. Kabla ya hapo andika "hatujampata tangu tarehe fulani". Tunakusihi hapa usiharakishe, maana kuna mjane atakayeanza kuomboleza kwa maneno yako.

Katika taarifa ya kusambaza, acha mtaa anaoishi sasa, njia aliyopitia, fedha alizotumiwa, na mtoto aliye askari wa upande wowote. Ujumbe husafiri, na simu inaweza kukaguliwa kwenye kizuizi cha barabarani. Hivi inatosha: "Tumeongea naye 14 Machi. Yeye na mkewe wazima. Mjukuu amefaulu mtihani. Dawa ya presha imebaki ya wiki mbili."

Hiyo ya dawa ifuatilie siku hiyohiyo. Mwombe asome jina lililo kwenye boksi na miligramu zake, kwa mfano amlodipine 5 mg, na anakunywa mara ngapi kwa siku. Ukiambiwa "dawa ya presha" tu, aliyeko Bujumbura hataweza kumnunulia.