Sinthesaiza yangu haikubali Bayati, niiuze?

SWALI: Asalaam aleykum kaka. Mi natengeneza muziki wa kompyuta hapa Unguja, mwaka wa tatu sasa, kila kitu nilikuwa nafanyia kwenye laptopu mpaka nikajichanga nikanunua sinthesaiza ya Korg Monologue, mtumba. Sauti yake naipenda sana ila nikibonyeza noti tatu inatoa moja tu, nahisi nimeuziwa mbovu. Asubuhi nikiiwasha tuni yake inapishana na laptopu. Kubwa zaidi nataka kupiga Bayati, ile skeli (mpangilio wa noti) ya Kiarabu, kama ya taarab, naanzia re, lakini noti ya mi haikai kabisa, ya kawaida iko juu na mi bemoli, ule ufunguo mweusi kabla yake, iko chini. Niiuze?

JIBU: Waaleykum salaam mdogo wangu. Usiiuze, na wala hujapigwa. Mashine hiyo imeundwa kutoa sauti moja kwa wakati, ukitaka noti tatu pamoja unarekodi moja moja unazipandanisha kwenye laptopu. Hilo la asubuhi ni kwa sababu osileta zake, yaani sehemu zinazozalisha sauti, ni za analogi, joto likibadilika na tuni inahama, we iwashe uiache kama robo saa ndo uanze kazi, na usiiweke usoni kwa feni.

Sasa Bayati, hapa ndo penye utamu. Korg walipokuwa wanaitengeneza walimshirikisha Richard D. James, yule mwanamuziki wa elektroniki anayejiita Aphex Twin, na Monologue ilipoingia sokoni 2017 ikaja na uwezo wa kutuni kila noti peke yake. Bonyeza EDIT, tafuta Micro Tuning, chagua skeli ya kujitengenezea, ile inayojirudia kila oktava. Kati ya ufunguo na ufunguo kuna senti 100 (senti ni kipimo kidogo cha tuni), na mi unayoitafuta iko katikati ya mi bemoli na mi ya kawaida, kwa hiyo anza kwa kuishusha mi ya kawaida senti 50.

Nasema anza kwa sababu mimi mwenyewe niliishia 50 nikaona nimemaliza, nikaibeba mashine kwa mzee mmoja mpiga fidla, tukakaa barazani umeme umekatika, ikawa inakula betri zake 6 za AA, na sauti inatokea kwenye spika yangu ndogo ya kuchaji maana yenyewe haina spika. Nikapiga. Mzee akafumba macho akasema bado, shusha. Nikashusha 55, bado, nikafika 60 akasema hapo hapo, akaokota fidla akaipitisha noti ileile juu ya yangu na zikalala pamoja kabisa, mwili ulinisisimka. Halafu akahamia Rasti, skeli nyingine ya Kiarabu, akaanzia do, akaniambia sasa ipandishe tena kidogo! Kumbe mi ya Rasti inakaa juu kuliko ya Bayati, na mimi miaka yote nilidhani ni noti moja. Tangu siku hiyo nina skeli mbili nimezihifadhi, na namba nilizipata kwa sikio la yule mzee. Nawe tafuta wako, Unguja hamkosi, kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905 na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kipo hapo hapo.

Ila angalia jambo moja, vinanda vya kwenye laptopu vitabaki na mi yao ya kawaida, vikiigusa zinagombana vibaya mno, kwa hiyo laptopu iachie ngoma, na bezi ikae kwenye re na la tu. Ukishaipata nitumie hata sekunde 30 nisikie.