Watoto wa mwenzangu wanataka kumpeleka Dar

*Shangazi, nina miaka 68, mstaafu wa reli. Mwaka 1979, chuoni Tabora, nilipata mwenzangu, mwanamume kama mimi, na hatujaachana hadi leo. Wote tulioa na kuzaa, wake zetu wametangulia mbele za haki. Tunaishi nyumba moja hapa Dodoma, watu wanajua ni urafiki wa kazini. Kiwanja tulipata CDA, iliyokuwa mamlaka ya kustawisha makao makuu, mwaka 1994 kwa fedha zetu wote wawili, ila hati ina jina lake peke yake. Sasa amepata kiharusi. Upande wa kulia umelala, maneno yanatoka kwa shida, akili ni timamu. Kifungua mimba wake anakuja Ijumaa kumchukua. Mjukuu wake wa kike, anayesoma UDOM, aliwahi kuniambia: "Babu, mimi najua, na sina neno." Naona dunia imebadilika. Niwaambie watoto wake ukweli? Na picha yetu ya Tabora niichome?*

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeifupisha na mengine nimeyageuza ili jirani asikutambue.

Usiwaambie. Sisemi hivyo kwa kuwa mna la kuona haya. Siri hiyo ni ya watu wawili, na mmoja wenu leo hawezi hata kujitetea kwa sentensi moja. Tena kijana mwenye hasira ya urithi akishalisikia jambo hilo, hatalibeba kama mjukuu alivyolibeba. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kujamiiana kinyume cha maumbile, bado kipo, na adhabu yake ni miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Usimpe mtu sababu ya kwenda kituoni.

Umesema dunia imebadilika. Kweli, ila haikuelekea upande mmoja. Afrika Kusini waliruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2006, Botswana mahakama ikafuta kosa mwaka 2019, huku Uganda wakatunga sheria kali zaidi mwaka 2023. Hapa kwetu nadhani zamani mlikuwa na nafasi kubwa kuliko sasa. Vijana wawili wa reli wakilala chumba kimoja kota, nani aliuliza? Nyumba zilikuwa haba na mshahara mdogo. Leo jambo hili liko kwenye kila simu. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam aliwataka wananchi wapeleke majina ya watu kama nyie, na ingawa serikali ilisema ule ni msimamo wake binafsi, watu walishajifunza kutazama nani anaishi na nani. Binti wa UDOM amekua ndani ya kelele hizo hizo na akaamua vingine. Mshukuru, lakini usifikiri kuwa ukoo mzima uko kama yeye. (Wanaojiandaa kunitumia laana kwa kuchapa barua hii, karibuni, nimezizoea.)

Kilichonishtua kwenye barua yako ni kingine kabisa. Kifungua mimba ameamua, wewe unaumia, mjukuu anajua, na mgonjwa mwenyewe hajaulizwa. Akili ni timamu, umesema. Basi Ijumaa kikao kikae mbele yake, na mjukuu ndiye aulize: "Babu, unataka kwenda Dar au kubaki hapa?" Kutikisa kichwa anaweza. Wewe nyamaza hadi ajibu.

Akijibu kubaki, hapo ndipo useme, na useme ya uuguzi tu. Kwamba uji wa uwele unaupoza hadi uwe vuguvugu, unamlisha kwa kijiko kidogo upande wa kushoto wa mdomo, na husogezi kijiko cha pili hadi uone koo limeshuka, kwa sababu ukiharakisha anapaliwa. Kwamba dawa ya presha anakunywa saa ngapi, na siku za mazoezi ya viungo hospitali ni zipi. Weka kadi yake ya kliniki mezani. Mtoto anayempenda baba yake atajiuliza nani huko Dar atakaa naye hivyo kutwa nzima.

Sasa kiwanja, maana hapa ndipo nakuona umelala. Hati za CDA zilikuwa za miaka 33. Ya kwenu, ya 1994, inafika ukingoni 2027. CDA ilivunjwa mwaka 2017, kazi zake zikaenda halmashauri, na hati zile zikaelekezwa zigeuzwe za miaka 99. Kama yenu haijageuzwa, hiyo ni nafasi. Watu wawili wowote wanaweza kumiliki ardhi kwa hisa, kila mmoja na fungu lake, bila kuulizwa wana uhusiano gani. Tafuta wakili, na risiti zako za saruji na mabati ziende naye. Aongee na mwenzako faraghani, wewe na wengine mkiwa hampo, na daktari aandike kuwa mgonjwa anaelewa anachofanya, la sivyo watoto watasema ulimshika mkono akatia dole gumba. Wosia nao uandikwe, nakala itunzwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Wewe usiwe shahidi, kwa sababu shahidi hapaswi kuwa mrithi. Ada na kodi zipo.

Picha usiichome. Vijana wawili wenye sare za reli, familia ngapi Dodoma hazina picha ya namna hiyo ukutani?

Na kama mgonjwa atatikisa kichwa kwamba aende, au wakambeba bila kumsikiliza, usigombane. Waandikie dawa zote na jinsi ya kumlisha, umpe mjukuu karatasi hiyo mkononi. Kisha panda treni ya umeme, ni mwendo wa saa tatu na ushee, ukamwone. Mzee aliyekuja kumjulia hali mzee mwenzake hafungiwi mlango, na nenda kila mwezi hadi wazoee kukutengea kiti.