Kabla hujauza ng'ombe, kapime ugumu wa ardhi kwanza

Mkuu, umesema uko Handeni, una ng'ombe 20 kwenye ekari 60, mvua zimekuja vizuri ila maji yanatiririka tu juu na nyasi hazishiki, unauliza uuze nusu. Subiri kidogo. Mi nafugia Kongwa, udongo mwekundu, na ninachokiona idadi inachangia ila kinachoua zaidi ni kuwaachia palepale kila siku, hasa ardhi ikiwa imelowa. Ng'ombe wa kilo 300 uzito wote unashukia kwenye kwato, udongo mkavu unavumilia, ukilowa unabanana, zile nafasi za kupitisha hewa na maji zinaziba, ukija kukauka ndo imetoka hiyo.

Siku ya pili baada ya mvua kubwa chukua nondo nyembamba, isukume kwa mkono pale kwenye miiba wasikofika, halafu nenda njia ya kwenye hodhi la maji. Kwangu kwenye miiba inazama freshi, njiani inagoma kina cha vidole vinne hivi. Chimba hapo utoe shina la nyasi na udongo wake, ukikuta mizizi imeshuka kidogo ikakata kona na kutambaa pembeni, ushapata jibu. Uzuri kwato hazishindilii mbali, mara nyingi ni sentimita 10 hadi 15 za juu, ndo maana wanaokwambia ukodi trekta la kuvunja ardhi naona wanakumalizia hela tu, masika ijayo ng'ombe watashindilia upya.

Gawa eneo, hata bila fensi, mchungaji tu ajue wiki hii upande huu haukanyagwi. Mvua zikikolea mi nawabana kwenye kipande kimoja nilichokitoa kafara, nawakatia majani. Vingine vikipumzika mizizi na mchwa wanafungua ardhi wenyewe, japo udongo mwekundu unachelewa, sio kama mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi. Wasukuma na ngitili zao, yale malisho wanayoyafunga yapumzike, walishalijua hili zamani. Hapo Kondoa hali ilifika pabaya mpaka mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973 ukaja kutoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka, 1979, na majani yakarudi, ila wewe hujafika huko.

Ukishagawa ukaona bado kipande kinaisha kabla kingine hakijapona, hapo uza, anza na madume yaliyokomaa, na uuze kabla kiangazi hakijakaza maana mnadani bei inaanguka.