Mwalimu, Iache Picha Ikosee Kwanza

Mwalimu mmoja wa Mbeya ameniandikia: "Kaka, nimeziona kadi za wanafunzi wako, naomba linki ya tovuti mnayozitengenezea." Linki ni kitu kidogo, nitampa. Ila linki tupu haitamfikisha popote, na kwa kuwa wengi mnaniuliza hilohilo, najibu hapa mara moja.

Nafundisha Kiswahili na historia katika shule ya kata. Maktaba nilikabidhiwa kwa sababu hakuna aliyeitaka. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, mnajua wenyewe, kwa hiyo vifaa vyetu vyote ni laptop yangu, bando langu na projekta ya shule ambayo lazima uibembeleze ndiyo iwake.

Nilianza na BigHugeLabs, tovuti ya tangu 2005. Unapakia picha, unaandika jina na mistari michache, inakutolea kadi kama zile za wachezaji mpira. Kidato cha pili wakatengeneza kadi za watu wa historia. Ya Bibi Titi Mohamed ilimaliza kipindi kizima kwa ubishi. Nafasi ni finyu: uandike kwamba alikuwa mwimbaji wa ngoma kabla ya kuingia TANU 1955, au uandike kesi ya uhaini ya 1970? Kundi la uhaini lilitaka ushahidi, likaja maktaba lenyewe, bila kutumwa. Kadi nikaziprinti steshenari, nyeusi na nyeupe tu, nikazibandika kwenye ukingo wa rafu chini ya vitabu vinavyohusika. Vitabu vilivyokuwa vimelala na vumbi vikaanza kugombaniwa.

Kikaoni mwenzetu mmoja akasema ninawafundisha watoto kuchezea kompyuta wakati mada hazijaisha. Ofisi nzima ikacheka. Mwaka huu huyohuyo alinifuata taratibu nimtengenezee bango la mahafali. Nilimtengenezea, na likawa zuri kweli.

Utamu umeongezeka na hizi programu za akili mnemba, ambazo unaziandikia maneno zinakuchorea. Darasa liliniamuru niandike: "Mama anatwanga mahindi kwenye kinu." Ikaja picha ya mama anatabasamu mezani, mbele yake kinu kidogo cha jiwe cha kupondea vitunguu saumu, humo yamesimama mahindi mawili mazima na maganda yake. Binti wa nyuma akauliza, "Ticha, huyo anatwanga au anapamba maua?" Kikazuka kicheko, halafu kazi ya kurekebisha maelezo. Kinu ni cha mti. Kinafika magotini. Mchi unafika kifuani, ameushika kwa mikono miwili, uko juu, haujashuka. Kijana ambaye tangu Januari sijaisikia sauti yake akasema, "Khanga aifunge kiunoni, mabegani itamsumbua." Picha ya pili ilikaribia, ingawa mchi uliota vichwa viwili. Insha ya maelezo nimeifundisha miaka mingi kwa chaki. Sikuwahi kuona darasa likigombania kivumishi.

Kwa nini mashine haijui kinu chetu? Stable Diffusion, mojawapo ya programu hizi, iliyotoka Agosti 2022, ilifunzwa kwa picha kutoka mkusanyiko wa LAION-5B. Humo mna jozi za picha na maelezo zipatazo bilioni 5.85, na zaidi ya bilioni 2 maelezo yake ni ya Kiingereza. Chakula ilicholishwa ndicho inachotapika. Tulipoomba Wamatumbi wakiing'oa pamba Nandete, Julai 1905, mwanzo wa Vita vya Majimaji, ilileta watu wenye ngao ndefu za ngozi ya ng'ombe. Mwanafunzi mmoja akasimama: ngao hizo ni za Wangoni, nao waliingia Majimaji baadaye, huko Songea. Sikumjazia neno.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, nasisitiza: maandishi kwanza, picha baadaye. Usimpe mtoto picha kabla hajaandika. Asiyeandika asione picha. Mnaokimbilia kupamba ukuta kwa picha zinazong'aa mnajidanganya. Mkaguzi atasifu, mtoto atatoka na daftari jeupe. Picha ikitoka na makosa msiifute, iwekeni ukutani waikosoe.

Nyuso za wanafunzi msizipakie kwenye tovuti hizi hata kwa mzaha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mzazi hakukukabidhi sura ya mwanawe uigawe. Wangu wanajichora kwa penseli, naipiga picha michoro.

Kama huna projekta, kusanya aya zao kwenye karatasi, ziandike kwenye programu ukiwa nyumbani usiku ambapo bando ni rahisi, uprinti picha. Kesho yake zichanganye juu ya meza, zisomwe aya bila majina, darasa litafute ni aya ipi imezaa picha ipi. Aliyeandika "nyumba nzuri" atajikuta nyumba yake inadaiwa na wenzake watano.