Jibu: Vijana wa parokia Masasi wanasoma The Da Vinci Code, tuwakataze?

Mwalimu, umeuliza kama mlezi wa vijana hapo Masasi aipige marufuku riwaya hiyo ya Dan Brown, inayodai kwamba Yesu alimwoa Maria Magdalena. Asiipige. Mwaka 2005 Kadinali Bertone, askofu mkuu wa Genoa, Italia, aliwasihi waumini wasiinunue wala kuisoma. Iliendelea kuuzwa, na 2006 ikatoka filamu.

Kaeni nayo mezani, Biblia pembeni. Anzeni na dai zito la riwaya: eti Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ndio uliompa Yesu uungu kwa kura. Someni Wafilipi 2:6-11, barua iliyotangulia mtaguso huo kwa zaidi ya miaka 250! Nikea walibishania fundisho la padre Ario, kwamba Mwana aliumbwa. Na lile busu la Yesu kwa Magdalena katika Injili ya Filipo, maandishi ya kale yasiyomo katika Biblia, ambalo riwaya inalifanya ushahidi wa ndoa? Hapo mafunjo, karatasi ya kale iliyoandikiwa, yametoboka, neno linalotaja alibusiwa wapi halipo. Wahubiri wengi hukwama hapa: wanafoka bila kufungua maandishi, na kijana aliyekisoma kitabu anawashinda kwa swali moja tu.